Sanduku la lita 20 linalomeza mvumo wa besi: mwongozo kwa wenye studio ndogo Mwanza

Studio nyingi ndogo za Mwanza, kuanzia Mabatini hadi Nyegezi, ni chumba kimoja cha tofali za saruji chenye dirisha dogo na dari ya gipsamu. Ukutani kumebandikwa trei za mayai, sponji, pengine na godoro. Sauti ya mwimbaji imetulia, mwangwi haupo. Ila gonga besi moja tu na chumba kizima kinavuma. Fundi anadhani besi imezidi, anaipunguza. Wimbo ukichezwa kwenye gari au kanisani, besi haisikiki kabisa. Kazi ya wiki nzima ya kwaya inaharibika kwa sababu chumba kilimdanganya aliyekuwa anachanganya sauti.

Sponji haiwezi kutibu hilo, na sababu yake ni urefu wa wimbi. Kwa joto la nyuzi 26, sauti husafiri kama mita 347 kwa sekunde. Sauti ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, ina wimbi la karibu mita 7. Sponji, pamba na godoro hufanya kazi vizuri pale unene wake unapokaribia robo ya wimbi, na robo ya mita 7 ni zaidi ya mita 1.7. Hakuna mwenye chumba cha mita 3 atakayejaza godoro la unene huo. Trei za mayai ndizo mbaya kuliko vyote: hazigusi besi hata kidogo, na zikishika moto zinawaka haraka mno. Kama unazo ukutani, zitoe leo.

Kuna kifaa kidogo kinachofanya kazi hiyo bila kuhitaji unene. Ni sanduku gumu lililofungwa pande zote, lenye tundu moja tu lililowekewa kipande cha bomba. Ukishawahi kupuliza juu ya mdomo wa chupa ya soda ikalia, unakijua tayari. Hewa iliyo shingoni ni mzigo, hewa iliyo tumboni ni springi, na vikiwa pamoja vina sauti moja vinayoipenda. Mjerumani Hermann von Helmholtz alitumia vifaa vya namna hii katika karne ya 19 kuchambua sauti za muziki, na mpaka leo mafundi wanaviita kwa jina lake. Sauti ile moja ikipita chumbani, hewa ya shingoni inakimbia mbele na nyuma kwa kasi. Ukiiwekea kitambaa cha kuisugua, nguvu ya sauti inageuka kuwa joto dogo lisilohisika na mvumo unapungua.

Ubaya wake ni kwamba sanduku linameza sauti moja na jirani zake tu. Kwa hiyo kazi haianzi na msumeno, inaanza na kupima.

Hatua ya kwanza: jua mvumo unapita wapi

Mwanza imejengwa juu ya mawe. Nyumba nyingi za milimani, Igogo, Mabatini na pembeni mwa Bugando, misingi yake imekaa juu ya jabali lenyewe. Jabali halimezi mtetemo kama udongo mlegevu unavyoumeza. Mashine ya kusaga iliyofungwa kwa nati juu ya jabali hilohilo inaweza kufika chumbani kwako kupitia chini ya miguu yako, hata kama umeziba dirisha na mlango.

Weka sahani ya maji sakafuni, chini ya taa, uangalie uso wa maji. Kisha weka kiganja ukutani, halafu sakafuni. Kama mashine ni ya jirani, nenda umwombe kwa adabu: "Shikamoo mama. Samahani, naomba uzime mota dakika mbili tu nisikilize kitu, halafu uwashe." Wengi wanakubali, na utakuwa umeshafungua mazungumzo utakayoyahitaji baadaye.

Maji yakitetemeka na kutulia mota inapozimwa, mtetemo unapita ardhini, na dawa yake iko chini kwenye sehemu ya mashine. Kama maji yametulia muda wote na mvumo unatoka kwenye spika zako mwenyewe, endelea na hatua ya pili. Usishangae ukikuta vyote viwili.

Hatua ya pili: tafuta noti inayovuma

Njia rahisi kwa mwanamuziki ni kinanda. Chagua sauti ya besi iliyo laini, kaa kwenye kona ya chumba, ubonyeze noti moja moja kutoka chini kwenda juu kwa nguvu ileile. Kuna noti moja itakayoruka na kukujaa masikioni, na ukiachia kidole itaendelea kuvuma. Iandike. Noti za besi za chini kabisa ni hizi: E ni hezi 41, F 44, G 49, A 55, B 62, kisha C ya juu yake 65 na D 73.

Hakiki kwa hesabu. Gawanya 174 kwa urefu wa chumba kwa mita. Chumba cha mita 3.5 kinakupa karibu hezi 50. Upana wa mita 3 unakupa 58. Kimo cha mita 2.7 kinakupa 64. Hizo ndizo sauti ambazo wimbi linaingia sawasawa kati ya kuta mbili na kujirudia juu ya lenyewe. Kama noti uliyoisikia inakaribiana na mojawapo ya namba hizi, umempata mwizi. Na kama bado unatafuta chumba cha kupanga, kimbia chumba cha mraba: urefu na upana vikilingana, mvumo wa pande zote mbili unaangukia noti moja.

Programu za simu zinazoonyesha masafa ya sauti, yaani hezi zake, zinasaidia pia. Maikrofoni ya simu ni dhaifu kwenye besi, hivyo usiamini urefu wa mlima unaouona kwenye kioo, ila mahali mlima uliposimama unaweza kupaamini.

Kwa mashine, soma kibandiko cha mota. Mizunguko kwa dakika ukiigawanya kwa 60 unapata hezi: mota ya mizunguko 2,900 inatetema kwa hezi 48. Jenereta ya petroli ya mizunguko 3,000 inatoa 50, na pia 25, kwa kuwa injini yake huwaka mara moja kila mizunguko miwili. Transfoma ya umeme hulia kwa hezi 100, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na chuma chake huvutwa mara mbili katika kila mzunguko.

Hatua ya tatu: hesabu ya shingo

Hapa ndipo watu huogopa, na hakuna cha kuogopa. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Chukua sanduku la lita 20 na bomba la PVC lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 5. Pima mwenyewe kwa rula. Mabomba yanayouzwa kama "inchi mbili" hayalingani. Eneo la mdomo wake ni sentimita za mraba 19.6. Zidisha 30,500 kwa eneo hilo. Gawanya kwa lita za sanduku. Gawanya kwa masafa unayoyataka, kisha gawanya tena kwa masafa hayohayo. Jibu ni urefu wa shingo kwa sentimita, kama hewa inavyouona. Kwa hezi 50 unapata karibu 12.

Usikate sentimita 12. Hewa iliyo nje kidogo ya kila mwisho wa bomba nayo inasogea pamoja na ile ya ndani, kwa hiyo shingo inajiona ndefu kuliko bomba lenyewe. Toa nusu ya kipenyo mara 1.45, ambayo hapa ni sentimita 3.6. Bomba lako ni sentimita 8.4.

Kwa sanduku na bomba hilohilo: hezi 40 inataka bomba la sentimita 15, hezi 45 inataka 11, hezi 55 inataka 6.3 na hezi 60 inataka 4.7. Kata ndefu kwa sentimita 2 zaidi ya jibu lako. Kupunguza ni rahisi kuliko kuunga.

Hatua ya nne: sanduku lenyewe

Tumia plaiwudi ya milimita 18. Kwa lita 20 vipimo vya ndani ni sentimita 30 kwa 30 kwa 22.2. Unahitaji vipande viwili vya 33.6 kwa 33.6 vya mbele na nyuma, viwili vya 33.6 kwa 22.2, na viwili vya 30 kwa 22.2. Shiti moja ya futi 4 kwa 8 inatoa masanduku manne bila shida, na matano ukipanga mikato yako vizuri kwenye karatasi kabla ya kumpa fundi seremala.

Najua utatamani kutumia dumu la mafuta ya kula, kwa kuwa lina lita 20 zilezile na halina gharama. Acha. Kuta za dumu ni laini. Badala ya hewa ya ndani kuwa springi, plastiki yenyewe inavimba na kunywea, na sauti uliyoihesabia inahama na kufifia. Ugumu wa kuta ndio unaokifanya kifaa hiki kifanye kazi. Wengine wanafikiria mtungi wa gesi uliokwisha. Huo ni mgumu kweli, lakini usithubutu kuukata: gesi iliyobaki ndani inaweza kulipuka na kumuua fundi.

Paka gundi nyeupe ya mbao kila kiungo, funga skrubu kila sentimita 8, acha ikauke usiku kucha. Kwenye ubao wa mbele toboa tundu la bomba katikati. Ndani, kabla ya kufunga ubao wa mwisho, pitisha silikoni kwenye kila pembe kwa kidole. Bomba lisimame sawa na uso wa ubao kwa nje, na mwisho wake wa ndani uwe mbali na ubao wa nyuma kwa angalau sentimita 5. Lizibie pembeni ili hewa ipite ndani ya bomba tu.

Kisha fanya jaribio hili, na usiliruke. Kabla ya kufunga bomba, washa tochi ndogo inayopenya tundu, itumbukize ndani, zima taa za chumba, ulizungushe sanduku polepole karibu na jicho. Ufa mwembamba kama uzi utauona unang'aa kwenye kiungo. Kila mwanga unaouona ni mahali hewa itakapovuja, na sanduku linalovuja ni sanduku la kuhifadhia vitu tu. Ziba, kausha, angalia tena.

Hatua ya tano: kulitegesha

Weka sabufa upande mmoja wa chumba, na kwa programu ya simu toa sauti moja tuli ya masafa unayoyawinda. Sogeza sanduku kwenye kona. Sasa chukua uzi mmoja wa pamba, ule unaouchomoa kwenye pamba mbichi kabla haijasokotwa, uning'inize mbele ya mdomo wa bomba. Pandisha na kushusha masafa pole pole. Kwenye masafa mengi uzi unatulia. Ukifika kwenye sauti ya sanduku, uzi unaanza kutapatapa, na ukiweka midomo karibu utahisi hewa inapumua. Soma namba iliyoko kwenye simu.

Kama uzi umecheza kwa hezi 46 na wewe unataka 50, bomba ni refu. Chomoa, punguza nusu sentimita, rudisha, jaribu tena. Ikizidi 50, umekata mno. Weka bomba jipya. Usifunge bomba kwa silikoni ya kudumu mpaka uridhike. Utepe wa umeme uliozungushwa vizuri unaziba vya kutosha kwa majaribio.

Hatua ya sita: kona na kitambaa

Besi hujibana kwenye kuta, na kwenye kona ndipo inapokuwa na nguvu kuliko kwingine. Masanduku yawekwe kwenye kona, mdomo ukitazama ukuta au kona kwa umbali wa kama sentimita 10. Katikati ya chumba sanduku halifanyi lolote la maana, hata liwe limetengenezwa na seremala bora wa Kirumba. Anza na mawili, moja kila upande wa urefu wa chumba. Sikiliza siku kadhaa ukiwa kazini, kisha ongeza.

Sasa kitambaa. Sanduku lisilo na kitambaa lina nguvu kali kwenye sauti moja nyembamba, na lina tabia mbaya mbili. Linameza noti halafu linaendelea kuilia yenyewe baada ya wimbo kusimama. Na linaweza kuugawa mvumo mmoja kuwa miwili, mmoja chini kidogo ya noti yako na mwingine juu yake. Ukikuta G imetulia lakini F na A zimeanza kuvuma, ndicho kilichotokea. Funika mwisho wa ndani wa bomba kwa kipande chepesi cha kitambaa, neti ya mbu au leso nyembamba, ukibane kwa mpira. Jaribu tabaka moja, kisha mawili. Ukizidisha, hewa inakwama na sanduku linakufa. Kipimo chako ni kinanda: noti zote za besi zikikaribiana kwa nguvu, simama hapo.

Jambo moja nalisema wazi kwa sababu watu wanapoteza fedha hapa: sanduku hili halizuii sauti ya nje kuingia wala ya ndani kutoka. Linatuliza chumba. Ukitaka kumzuia jirani asisikie sabufa yako saa nne usiku, unahitaji kuta nzito, mlango mzito na kuziba kila upenyo. Kama sauti ya nje inaangukia kwenye noti ambayo chumba chako kinaikuza, hapo sanduku litakusaidia, kwa sababu litaondoa kule kukuzwa.

Kama huna seremala

Bomba refu la PVC la inchi 4, lililofungwa kifuniko upande mmoja na kuachwa wazi upande mwingine, linafanya kazi inayofanana. Urefu wake ni robo ya wimbi: zidisha masafa kwa 4, gawanya 347 kwa jibu hilo upate mita, halafu toa sentimita 3. Kwa hezi 50 ni kama mita 1.7. Lisimamishe kwenye kona, upande wazi uwe chini, sentimita 10 kutoka sakafuni, na uweke pamba kidogo mdomoni. Halipendezi, ila fundi bomba analitengeneza kwa nusu saa.

Ukihitaji kumeza masafa mapana zaidi kuliko sanduku linavyoweza, tengeneza kisanduku bapa: fremu ya mbao yenye kina cha sentimita 10 ukutani, ikafunikwa na plaiwudi ya milimita 6 iliyobanwa pembeni pote bila kuvuja, ndani ukiacha pamba isiyogusa plaiwudi. Hapo ubao wenyewe ndio unaotetema, kwa karibu hezi 100. Ukitumia plaiwudi ya milimita 9 unashuka hadi kama 80. Pamba mbichi tunayo tele ukanda huu na inafaa, lakini inashika moto. Iweke mbali na nyaya na soketi.

Mashine na jenereta

Kwa mtetemo unaopita ardhini, masanduku hayafai kitu. Dawa ni kuiweka mashine juu ya kitu laini ili isishike jabali moja kwa moja, na ulaini huo una kipimo. Pima kimo cha mpira kabla ya kuweka mashine na baada ya kuweka. Mpira ukibonyea milimita 1, mashine inayumba yenyewe kwa hezi 16. Milimita 4, hezi 8. Milimita 10, hezi 5. Kinga inaanza pale tu mtetemo wa mashine unapozidi namba hiyo mara 1.4, na unapofika mara 3 au zaidi ndipo utakaposikia tofauti. Chini ya mara 1.4 mpira unazidisha tatizo. Kwa kuwa mpira unaotetema huwa mgumu kuliko unaokandamizwa taratibu, jipe nafasi.

Jenereta ya petroli yenye hezi 25 na 50 inahitaji mbonyeo wa milimita 4 au zaidi. Vipande vya tairi chakavu vyenye nyaya za chuma ni vigumu mno. Havibonyei hata milimita 1 chini ya jenereta ndogo. Kinachofaa ni tyubu ya toroli au ya pikipiki iliyojazwa upepo kiasi, imelazwa chini ya ubao mnene au bamba la zege, na jenereta ikafungwa juu ya bamba hilo. Bamba zito linaifanya mashine isirukeruke. Ekzosi isiguse ukuta na waya usivutwe ukakaza, kwa maana mtetemo unatafuta daraja lolote la kupitia. Bolti moja ndefu iliyopita kwenye mpira na kushika sakafu inaharibu kila ulichofanya.

Mashine ya kusaga yenye mkanda ni ngumu zaidi, kwani mota na kinu lazima viwe juu ya fremu moja ngumu kabla ya kuwekwa juu ya mpira. La sivyo mkanda unacheza na kuchomoka. Kazi hiyo apewe fundi wa mashine, wewe umsaidie kwa vipimo. Mwenye mashine anakubali upesi zaidi akijua kwamba mtetemo ukipungua, beringi na nati zake nazo zinapumzika. Mkishindwana kabisa, kelele na mitetemo vina kanuni zake chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na wanaozisimamia ni NEMC, taasisi ya serikali ya mazingira, wenye ofisi ya kanda hapa Mwanza. Ongea na jirani kwanza, kisha mwenyekiti wa mtaa.

Unyevu wa ziwa unaila plaiwudi isiyopakwa kitu. Paka vanishi nje na ndani ya masanduku kabla ya masika, na mvua zikiisha yachomoe kwenye kona, nusa mdomo wa bomba kama kuna harufu ya ukungu, badilisha kitambaa, urudie jaribio la uzi. Kiungo kikiachia kidogo tu, namba itakuwa imehama, na silikoni ya tyubu moja inatosha kuirudisha.